Mali Bila Daftari: Mambo Ambayo Ziwa la Uingereza Lawafundisha Walaji wa Samaki wa Eastlands

Mtu ashukaye kutoka Kaloleni au Shauri Moyo kwenda soko la Gikomba siku ya Jumamosi asubuhi hana haja ya kuuliza njia ya mahali pauzwapo samaki. Pua yake itamwongoza. Hapo huonekana samaki wa kila namna: mbuta mkubwa aliyekatwa vipande, omena waliokaushwa juani, samaki wa barafu waliotoka nchi za mbali, na yule ambaye watu wa Eastlands humwita mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya kiwanda kuondoa minofu na kuipeleka ng'ambo.

Siku moja nilikuwa nimesimama hapo pamoja na mzee mmoja jirani yangu, mtu wa Nyanza aliyezaliwa karibu na ziwa. Mzee alimwuliza mwuzaji, "Mama, una ngege?" Mama akainua samaki mnene, akasema, "Ngege ndiye huyu, mzee wangu. Ametoka Kisumu usiku huu." Mzee akamtazama samaki yule kwa muda mrefu, kisha akatikisa kichwa. "Huyu si ngege," akasema. "Huyu ni nyamami. Ngege nilimla nilipokuwa mtoto. Mkononi mwa mama yangu." Mama akacheka, kwa maana yeye tangu azaliwe hajamwona ngege mwingine ila yule anayemwuza.

Tulipokuwa tukirudi, mzee aliniuliza swali ambalo lilinisumbua kwa siku nyingi. "Bwana karani," akasema, "ninyi watu wa kalamu huandika kila kitu. Mtu akizaliwa mwaandika, akifa mwaandika, akilipa kodi mwaandika. Je, ngege alipotoweka, nani aliandika?"

Nilitafuta jawabu la swali hilo, na jawabu lenyewe lilinifikisha mbali sana na Gikomba, hata kwenye ziwa moja dogo kaskazini ya Uingereza. Nataka kuwaeleza wasomaji habari zake, kwa kuwa zinatuhusu sisi kuliko tunavyodhani.

ZIWA LA KASKAZINI

Ziwa hilo laitwa Windermere. Ni ziwa la maji matamu, nalo ndilo kubwa kuliko maziwa yote ya Uingereza. Lakini msomaji asidanganywe na neno hilo "kubwa". Urefu wake ni kama kilomita 17, na mtu aweza kulivuka kwa mashua kwa muda mfupi tu. Ziwa letu la Victoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800. Windermere halifiki hata 15. Kwa vina hayapitani sana: Windermere lina mita kama 64 mahali pake pa chini kabisa, na Victoria lina mita kama 80. Windermere ni kama kisima kirefu chembamba, na Victoria ni kama sinia pana.

Ijapokuwa ni dogo, Windermere ni moja ya maziwa yaliyochunguzwa zaidi duniani, tena kwa muda mrefu. Mwaka wa 1929 wataalamu wa Uingereza walianzisha chama cha kuchunguza viumbe vya maji matamu, na mwaka wa 1931 chama hicho kilifungua maabara katika jumba liitwalo Wray Castle, kando ya ziwa hilo. Tangu miaka ile ya thelathini walianza kupima joto la maji. Kisha mwaka wa 1945 mtaalamu mmoja, Bwana John Lund, alianza kazi ya kuchota maji ya ziwa kwa siku zilizowekwa, juma baada ya juma, na kuhesabu mimea midogo sana iliyomo, ambayo jicho tupu haliwezi kuiona. Kazi hiyo haijakoma hata leo. Lund alistaafu na baadaye akafariki. Chombo kilichosimamia kazi kilibadilishwa mwaka wa 1989, na siku hizi kinaitwa UK Centre for Ecology and Hydrology. Lakini mashua bado huenda mahali pale pale, na maji huchotwa, na hesabu huandikwa.

Labda msomaji atasema, "Hiyo ni kazi ya namna gani, kuchota maji yale yale kwa miaka themanini?" Hata mimi nilisema hivyo. Basi na tuangalie faida zake.

FAIDA YA KWANZA: KUJUA SABABU

Kila mwaka majira ya baridi yakiisha, mmea mmoja mdogo uitwao Asterionella huongezeka sana katika ziwa lile. Umbo lake ni kama nyota. Huongezeka, huongezeka, kisha ghafula hufa karibu wote. Kwa nini? Watu walibuni sababu nyingi. Lund, kwa kuwa alikuwa na hesabu za juma kwa juma, aliona jambo ambalo mtu wa kuchungulia mara moja kwa mwaka asingeliona kamwe. Mmea huo hujijengea ganda la silika, kitu kile kile kilichomo katika mchanga na kioo. Silika iliyoyeyuka majini inapopungua mpaka kiasi fulani kidogo sana, mmea hauwezi kujenga ganda, nao hufa. Ni kama fundi wa nyumba aliyeishiwa saruji: hata akiwa na wafanyakazi mia, ukuta hauendi juu.

Msomaji akumbuke habari hii ya silika, kwa maana tutairudia tukifika Victoria.

FAIDA YA PILI: KUJUA UMRI WA SAMAKI

Wakati wa vita vikuu vya pili Waingereza walikuwa na upungufu wa chakula. Basi mwaka wa 1941 walianza kuwatega samaki wa Windermere waitwao perch kwa madema, wakawatia katika makopo, wakawauza. Biashara hiyo ilikoma baadaye, lakini wataalamu waliona kuwa wamepata nafasi ya pekee. Walikuwa wameondoa samaki wengi mno ziwani. Sasa wangeweza kuona ziwa litafanya nini. Kwa hiyo waliendelea kutega kila mwaka na kuandika.

Samaki walipimwa urefu na uzito, na mfupa wa kifuniko cha shavu ukahifadhiwa. Katika nchi za baridi mfupa huo hukua kwa pete, kama shina la mti: majira ya joto samaki hukua upesi, majira ya baridi hukua polepole, na kila mwaka huacha alama. Mtu akihesabu pete hujua samaki ana miaka mingapi. Katika maziwa yetu, ambako hakuna majira ya baridi, alama hizo si rahisi kusomeka, na hiyo ni sababu moja ya kazi ya wataalamu wetu kuwa ngumu zaidi.

Faida ya daftari hilo la samaki ilionekana mwaka wa 1976. Mwaka huo ugonjwa uliingia Windermere, ukawaua perch wakubwa karibu wote, kama 98 katika kila 100. Kama kusingalikuwa na daftari, watu wangalisema tu, "Samaki wamepungua mwaka huu," na pengine wangaliwalaumu wavuvi. Lakini kwa kuwa waliwajua samaki wao kwa hesabu ya miaka zaidi ya thelathini, walijua ni wangapi waliokufa, wa umri gani, na ilichukua muda gani ziwa kupona.

FAIDA YA TATU: KUREKEBISHA KOSA

Reli ilifika Windermere mwaka wa 1847, na watalii wakafuata kwa maelfu. Nyumba zikaongezeka, na maji machafu ya nyumba hizo, hata yaliyosafishwa kwa njia ya kawaida, yaliingia ziwani yakiwa na fosforasi nyingi. Fosforasi ni mbolea. Ikiingia shambani, mahindi hustawi. Ikiingia ziwani, mwani hustawi. Mwani huo ukifa huzama na kuoza, na katika kuoza hula oksijeni ya maji ya chini, na samaki wapendao vilindi vya baridi hukosa pumzi.

Daftari lilionyesha jambo hilo mwaka kwa mwaka, hata wenye mamlaka wakakubali. Mwaka wa 1992 mitambo ya kuondoa fosforasi iliwekwa katika mahali pa kusafishia maji machafu. Hali ya maji ikawa afadhali, ingawa haikurudi kuwa kama ya zamani. Tena daftari hilo hilo limeonyesha adui mwingine: maji ya juu ya ziwa yamepata joto kwa zaidi ya nyuzi moja tangu siku za Lund, na samaki wa baridi wanapungua huku samaki wapendao joto wakiongezeka. Waingereza hawawezi tena kusema kuwa hawakujua.

WATU WALE WALE, ZIWA LETU

Sasa tunarudi nyumbani. Wataalamu wengi waliofanya kazi Windermere ni wale wale waliofanya kazi Victoria. Maziwa haya mawili ni kama shule mbili zilizobadilishana walimu.

Mwaka wa 1927 Bwana Michael Graham alikuja kulichunguza Ziwa Victoria, akisaidiwa na kijana mmoja aitwaye Barton Worthington. Sababu ya kuja kwao ilikuwa ngege. Nyavu za kitani kutoka Ulaya zilianza kutumika katika ghuba ya Kavirondo mwaka wa 1905, nazo zilivua vizuri mno kuliko mitego ya zamani. Lakini kadiri nyavu zilivyoongezeka, samaki walioingia katika kila wavu walipungua. Graham ndiye aliyempa ngege jina lake la kitaalamu mwaka wa 1928, akieleza kwa jina hilo kuwa ni samaki mzuri kwa kuliwa. Katika taarifa yake iliyochapishwa mwaka wa 1929 alishauri kwamba macho ya nyavu yasipungue inchi 5, ili ngege wadogo wapite na kuzaa. Tena alishauri kuwa pawe na watu wa kudumu wa kuandika hesabu za samaki katika ziwa lote.

Shauri la nyavu lilifuatwa kwa muda. Lakini katika miaka ya hamsini na mwanzo wa miaka ya sitini, sheria ile ya inchi 5 iliondolewa katika nchi zote tatu, wakati ule ule nyavu za nailoni zilipokuwa zikienea. Wavuvi wakapunguza macho ya nyavu, na ngege akapungua zaidi.

Worthington alikuwa mkurugenzi wa maabara ya Windermere tangu 1937 hata 1946, kisha akarudi Afrika ya Mashariki kuwa katibu wa mambo ya sayansi wa serikali za hapa. Mwaka wa 1947 kituo cha uchunguzi wa samaki kilianzishwa Jinja, mahali mto Nile utokapo ziwani. Bibi Rosemary Lowe, aliyewahi kuchunguza mikunga huko Windermere, alifanya kazi Jinja tangu 1948 hata 1953 juu ya habari za ngege na ndugu zake. Aliacha kazi kwa sababu aliolewa, na kanuni za wakati ule hazikumruhusu mwanamke aliyeolewa kuendelea na kazi hiyo ya serikali. Elimu aliyokwisha kuipata ikaenda naye.

ONYO LA MWAKA WA 1960

Mbuta hakuwa samaki wa Ziwa Victoria. Kwao ni ziwa Albert, ziwa Turkana na mto Nile. Wako watu waliosema kwamba Victoria limejaa fulu, samaki wadogo wenye mifupa mingi na thamani ndogo, na ya kuwa ingefaa kumtia samaki mkubwa awale hao fulu na kuwageuza kuwa nyama nzuri. Wengine walisema mambo yasifanyike kwa haraka.

Mmoja wa hao wa pili alikuwa Bwana Geoffrey Fryer, aliyefanya kazi Jinja mwishoni mwa miaka ya hamsini. Mwaka wa 1960 aliandika katika jarida la kilimo la Afrika ya Mashariki akionya kwamba mambo yatakayofuata hayawezi kujulikana kabla, na kwamba samaki akishaingia ziwani haondoleki. Kisha Fryer akaenda zake kufanya kazi Windermere.

Lakini neno hilo lilisemwa mlango ukiwa umekwisha kufunguliwa. Ushahidi uliokusanywa baadaye waonyesha ya kuwa mbuta walitiwa kwa siri upande wa Uganda yapata mwaka wa 1954. Mwaka ule ule wa 1960, Fryer alipokuwa akiandika, mbuta alivuliwa karibu na Jinja. Kisha mwaka wa 1962 na 1963 wakatiwa wengine kwa wazi.

Kwa muda wa karibu miaka ishirini hakuna lililoonekana. Uchunguzi uliofanywa kwa meli tangu 1969 hata 1971 ulionyesha kuwa katika samaki wa chini wa ziwa, zaidi ya sehemu nane katika kila kumi kwa uzito walikuwa bado ni fulu. Watu wakasema, "Tazama, hakuna madhara."

Hapo ndipo daftari lilipofungwa. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na pamoja nayo kituo cha Jinja kama chombo cha nchi zote tatu. Kila nchi ilianza upya na vyombo vyake. Hapa Kenya taasisi ya uchunguzi wa bahari na samaki iliundwa mwaka wa 1979. Na katika miaka ile ile ya kuhamahama na kugawana vyombo, mbuta alilipuka. Katika ghuba yetu ya Kenya aliongezeka sana karibu na mwaka wa 1980, na pande nyingine za ziwa zikafuata. Fulu walitoweka kama umande. Wataalamu wakadiria kuwa aina kama 200 za samaki hao, ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani, zilipotea.

Mahali pamoja tu palikuwa na watu wenye daftari wazi. Mwaka wa 1977 wataalamu wa Kiholanzi na wenzao wa Tanzania walikuwa wameanza kuwahesabu fulu katika ghuba ya Mwanza, mwezi kwa mwezi, aina kwa aina. Kwa hiyo mbuta alipofika huko, waliweza kuandika jinsi kila aina ilivyopungua. Mengi tunayoyajua juu ya msiba huo yalitoka katika madaftari ya ghuba hiyo moja.

Si haki kusema kuwa mbuta alileta hasara tupu. Samaki waliovuliwa katika ziwa lote waliongezeka kutoka tani kama laki moja kwa mwaka katika miaka ya sabini hata karibu laki tano yapata mwaka wa 1990. Viwanda vilijengwa, watu wakapata kazi, na fedha za kigeni zikaingia. Lakini minofu ilikwenda Ulaya, na mgongo wazi ukaja Gikomba. Kila mtu na aangalie mwenyewe faida ilikwenda wapi.

SILIKA TENA

Nilisema tutarudia habari ya silika. Mwaka wa 1960 na 1961 Bwana Jack Talling, mtu mwingine wa Windermere, alipima maji ya Victoria kwa njia zile zile alizozizoea huko kwao: oksijeni, silika, na wingi wa mimea midogo. Aliandika hesabu zake vizuri, akazichapisha, akarudi kwao.

Miaka thelathini ikapita. Karibu na mwaka wa 1990 wataalamu wengine walirudi ziwani, wakapima mambo yale yale, wakaweka hesabu mbili pamoja. Walishtuka. Mimea midogo ilikuwa imeongezeka mara nyingi. Silika iliyoyeyuka katika maji ilikuwa imepungua kama mara kumi. Maji ya vilindi yalikosa oksijeni kwa muda mrefu zaidi wa mwaka. Lile jambo ambalo Lund alilieleza katika ziwa dogo la Uingereza lilikuwa limetokea katika ziwa letu kubwa: mbolea nyingi iliingia kutoka mashamba, miji na moshi wa mioto, mimea yenye ganda ikaitumia silika hata ikapunguka, na mwani wa rangi ya kijani-buluu ukachukua nafasi. Baadaye tope la chini ya ziwa lilipochunguzwa tabaka kwa tabaka, lilishuhudia kuwa mabadiliko hayo yalianza tangu miaka ya thelathini, watu na mashamba walipoongezeka katika bonde la ziwa.

Msomaji aangalie jambo hili. Kama Talling asingalipima mwaka wa 1960, hesabu za 1990 zingalikuwa namba tu. Hakuna ambaye angaliweza kusema kwa uhakika kuwa maji yameharibika kiasi gani, kwa kuwa hakuna ambaye angalijua yalikuwaje. Mtu hawezi kudai deni pasipo hati.

DAFTARI FUPI HUDANGANYA

Kuna funzo jingine, nalo lahusu mvua, jambo ambalo kila mkulima hulijali. Urefu wa maji ya Ziwa Victoria umeandikwa tangu mwaka wa 1896. Mwaka wa 1923 mtaalamu mmoja wa hali ya hewa alilinganisha maandishi hayo na madoa yaonekanayo katika jua, ambayo huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka kama 11. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja kwa namna ya ajabu. Watu wakafurahi wakadhani kuwa sasa wataweza kutabiri mafuriko. Lakini maandishi yalipoendelea miaka michache tu, ulingano ule ukavunjika. Miaka 27 ya hesabu ilionekana mingi, kumbe haikutosha.

Kisha mwishoni mwa mwaka wa 1961 mvua kubwa ilinyesha, ambayo wazee huikumbuka. Kufika mwaka wa 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili. Watu waliokuwa wakilima kandokando yake walihama. Mwaka wa 2020 maji yalipanda tena hata alama ya 1964, na wako waliojenga mahali pale pale ambapo maji yalikuwa yamefika zamani. Daftari lilikuwako. Hawakulisoma, ama hawakusomewa.

MANENO YA JIRANI MWINGINE

Nilipowaeleza majirani habari hizi jioni moja, mmoja wao, fundi wa magari, hakuridhika. "Karani," akasema, "hizo ni kazi za watu walioshiba. Maji ya kunywa yakosa mtaani, nawe wataka serikali ilipe watu kuhesabu samaki na kuchota maji kwa miaka themanini?"

Neno lake halikuwa la kupuuzwa, nami sikuwa na jawabu la upesi. Aliyenijibia ni yule mzee. "Wewe fundi," akamwambia, "gari likiletwa kwako limezimika, jambo la kwanza wauliza nini?" Fundi akasema, "Nauliza lilianza lini, na mafuta yalibadilishwa lini." Mzee akasema, "Na mwenye gari akisema hajui?" Fundi akacheka. "Basi gharama yapanda, maana itanibidi kufungua injini yote."

Nadhani jawabu hilo latosha. Mwaka wa 1994 Kenya, Uganda na Tanzania zilitia sahihi mkataba wa kuunda shirika la uvuvi la Ziwa Victoria, na makao yake yakawekwa Jinja, mji ule ule wa kituo cha zamani. Samaki huhesabiwa, wavuvi na nyavu huhesabiwa, na maji hupimwa. Kazi hiyo haipigiwi vigelegele, na fedha zikipungua ni rahisi kuikata, kwa sababu siku ya kwanza ikikatwa hakuna anayeumia. Maumivu huja baada ya miaka ishirini, nayo humfika mtu ambaye hajui yametoka wapi, kama yule Mama wa Gikomba ambaye hajui kuwa ngege alikuwako.

TUFANYE NINI SISI?

Wengi wetu tuishio Eastlands tuna shamba mahali fulani, na baba au shangazi alitazamaye. Mtu hahitaji maabara ili kuanza daftari. Kipimo cha mvua kiwekwe mahali pa wazi, mbali na miti na paa, kisomwe kila siku saa tatu asubuhi, na hesabu iandikwe hata siku isiyo na mvua, kwa maana sifuri nayo ni habari. Siku mvua ilipoanza, siku ya kupanda, mbegu iliyopandwa, magunia yaliyovunwa, kina cha kisima mwezi wa kiangazi: hayo yote yatoshea katika daftari moja la shule kwa mwaka mzima. Mkubwa akichoka, mtoto aweza kuendelea. Masharti ni mawili tu: kipimo kisihamishwe, na siku isirukwe kwa uvivu kisha ikajazwa kwa kubahatisha. Hesabu ya uongo ni mbaya kuliko nafasi tupu.

Kuhusu ngege, nilimpelekea mzee jawabu lake. Nilimwambia kwamba aliandikwa, tena vizuri, tangu mwaka wa 1928. Ya kwamba onyo lilitolewa na halikushikwa. Na ya kwamba daftari lilifungwa wakati ule ule ilipopasa liwe wazi. Nilimwambia pia kwamba ngege hajaisha kabisa. Wako bado katika maziwa madogo ya kando ambayo mbuta hakuyafikia, kama Kanyaboli katika Siaya.

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akauliza nauli ya kwenda Siaya ni kiasi gani siku hizi, akaomba kalamu, akaiandika.